Hukumu ya bahari ya Somalia na Kenya: jina la Pemba limo ndani yake

MsomajiKonde (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza.

Juzi baada ya sala ya isha taarifa ya habari redioni ilipita juu ya mambo ya dunia kwa kasi ile tuliyoizoea: vita, uchaguzi, kesi za wakubwa, kisha ugomvi wa bahari baina ya Somalia na Kenya ukatajwa kwa sentensi mbili na kuachwa. Mzee mmoja barazani kwetu Konde, Pemba, akasema hayo ni ya Wasomali na Wakenya, sisi yetu ni karafuu na bei ya dagaa. Sikumjibu, kwa sababu mzee hajibiwi barazani bila ya ushahidi mkononi, na ushahidi nilikuwa nimeuacha nyumbani. Nauleta hapa.

Shauri lilifunguliwa na Somalia tarehe 28 Agosti 2014 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, Uholanzi. Kilichogombewa ni kipande cha bahari chenye umbo la pembetatu na ukubwa wa kiasi cha kilomita za mraba 100,000. Kenya ilisema mpaka unaanzia ufukweni na kwenda mashariki moja kwa moja kwa kufuata mstari wa latitudo, kama marais wake walivyotangaza mwaka 1979 na tena mwaka 2005, na kwamba Somalia ilinyamaza miaka yote hiyo hata kimya chake kikawa ni ridhaa. Somalia ilijibu kwamba mpaka ni mstari ambao kila nukta yake iko umbali sawa na pwani zote mbili. Na kwa kuwa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki inateremka kuelekea kusini-magharibi, mstari wa namna hiyo huelekea kusini-mashariki. Baina ya mistari hiyo miwili ndipo ilipolala pembetatu, na chini ya pembetatu kulikuwa na matumaini ya mafuta na gesi.

Kenya ilijaribu kwanza kuizuia mahakama isisikilize shauri, kwa hoja kwamba hati ya maelewano ya mwaka 2009 iliyataka mataifa haya yamalize jambo lao kwa mazungumzo. Tarehe 2 Februari 2017 hoja hiyo ilikataliwa. Machi 2021 Kenya ikasusia vikao, na tarehe 12 Oktoba 2021 hukumu ikasomwa bila ya wao kuwemo.

Majaji wote walikubaliana kwamba hapakuwa na mpaka uliokwisha kuafikiwa. Kimya cha nchi, hasa nchi iliyokuwa imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hakifanywi mkataba kwa wepesi. Baada ya hapo walichora mstari wa umbali sawa, kisha wakajiuliza kama mstari ule unamdhulumu mtu. Na hapa ndipo sisi tunapoingia.

Chukueni nyumba tatu zilizojengwa pembezoni mwa njia iliyopinda kwa ndani. Kila moja ikipewa uwanja wa mbele yake kwa kupima umbali sawa na jirani, nyumba ya kati itaona uwanja wake unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyokwenda mbele, mpaka unakaribia kuwa uchochoro. Pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania imepinda hivyo, na Kenya ndiyo nyumba ya kati. Mahakama ilisema kubanwa huko kunazidishwa na kuwepo kwa kisiwa cha Pemba, kisiwa kikubwa chenye watu, ambacho ni cha Tanzania, kwa sababu kisiwa hicho kingeusukuma mstari wa umbali sawa baina ya Kenya na Tanzania, kama ungechorwa. Kwa ajili ya kubanwa huko mstari wa Somalia ukasogezwa kidogo kaskazini, Kenya ikapata nafuu, ingawa sehemu kubwa ya pembetatu ilikwenda kwa Somalia.

Kwa ufupi, Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, pale penye mnara wa taa, imechangia kuamua mpaka wa watu walio mbali nayo mamia ya maili. Mzee wangu wa barazani akipita hapa, namwomba radhi na namwomba asome.

KijanaWaVuga

Wa alaykumu ssalaam, Maalim. Nimesoma kwa makini, lakini nina mashaka ya aina mbili. La kwanza, mahakama hii si ndiyo ile iliyowaita Uhuru Kenyatta na William Ruto na mwisho kesi zikafa? La pili, hata kama si hiyo, mahakama isiyo na askari wala jela inamfanya nini mkubwa aliyesusa? Kenya ilisema waziwazi kwamba haiitambui hukumu. Mimi naona hizi ni karatasi za Wazungu za kutupotezea wakati.

MsomajiKonde

Swali lako la kwanza watu wengi wanalo, na hata watangazaji huteleza. The Hague kuna mahakama mbili tofauti. Ile ya Uhalifu ilianza kazi mwaka 2002 kwa Mkataba wa Roma na inashitaki watu: mtu kwa jina lake, kwa mauaji ya kimbari, makosa ya kivita na mfano wa hayo. Ndiko kesi ya Kenyatta ilikofutwa na waendesha mashitaka mwishoni mwa 2014, na ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Hii ya Haki ni chombo cha Umoja wa Mataifa, inasikiliza mataifa peke yake, na haimfungi mtu. Afrika Kusini ilipoishitaki Israel mwishoni mwa Disemba 2023 kwa mambo ya Gaza, ilikwenda kwenye hii ya pili.

Kuhusu askari, ni kweli hawapo. Hati ya Umoja wa Mataifa inamruhusu aliyeshinda kulalamika katika Baraza la Usalama, na sote tunajua baraza lile lina wenye kura za turufu na linavyofanya kazi. Lakini tazama Bakassi. Mwaka 2002 mahakama hiyohiyo iliipa Kamerun rasi ambayo Nijeria ilikuwa imeikalia kwa majeshi, na Nijeria ilikasirika kuliko Kenya. Ilichukua miaka, ikahitaji makubaliano ya 2006 yaliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, na Agosti 2008 Nijeria ikakabidhi. Hakuna risasi iliyotoka The Hague.

Tena bahari si kama nchi kavu. Nchi kavu unaweza kuweka kituo cha polisi na kukaa. Eneo la maili 150 kutoka pwani linahitaji meli ya kuchimbia, meli inahitaji bima, na mwenye bima anasoma hukumu kabla hajasoma tangazo la serikali. Kampuni ya mafuta ambayo ingekubali kuchimba kwa leseni ya nchi iliyokwisha kushindwa mahakamani itakuwa imetafuta kesi kwa fedha zake mwenyewe. Kwa hivyo anayeikataa hukumu kwa mdomo huendelea kuitii kwa vitendo, kwa sababu hakuna atakayemsaidia kuivunja. Nadhani hii ndiyo nguvu ya mahakama hizi, na ni nguvu ya kimyakimya ambayo haifai kwa taarifa ya habari.

MbajuniWaFaza

Salamu kutoka kisiwa cha Pate, Lamu. Ninaingia kwa ruhusa yenu, kwa kuwa mnazungumzia mlango wa nyumba yangu.

Jiwe la mwisho la mpaka wa nchi kavu, ambalo mahakama ilianzia hapo kupima, liko mahali paitwapo Dar es Salam, karibu na Ras Kiamboni. Wengi hawajui kwamba kuna Dar es Salam nyingine. Mpaka ule haukuwepo pale tangu awali. Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa chini ya Waingereza wa Kenya mpaka ilipotolewa kwa Wataliani mwaka 1925, na mpaka ukashushwa kusini. Na kabla ya Wataliani na Waingereza, bandari za Benadir, yaani Mogadishu, Merka, Barawa na Warsheikh, zilihesabiwa kuwa za Sultani wa Unguja. Alizikodisha kwa Italia mwaka 1892, na mwaka 1905 Italia ikazinunua moja kwa moja kwa pauni 144,000. Upande wa pili, ukanda wa maili kumi wa mwambao wa Kenya ulibaki ni wa Sultani kwa jina, chini ya Waingereza, mpaka mkataba wa tarehe 8 Oktoba 1963, kiasi cha miezi miwili kabla ya uhuru wenu na wetu.

Basi pande zote mbili za ugomvi huu zilikuwa katika daftari moja, na daftari lilikuwa Unguja. Sisi Wabajuni tuko huku na huku, lugha moja, makaburi ya wazee yako pande zote mbili. Hukumu nimeisoma nayo, na nimeona Kenya iliwataja wavuvi, ikasema maisha yao yataharibika mstari ukichorwa wanavyotaka Wasomali. Mahakama ikajibu kwamba haikuridhishwa na ushahidi. Hapo sikuwa na la kusema. Nani aliyekuja Kiunga, huku mpakani, kuuliza?

MsomajiKonde

Ndugu yangu wa Faza, umenipa nilichokuwa nacho nusunusu. Na kwa hoja ya wavuvi, niseme jambo ambalo huenda lisikupendeze: sidhani kwamba Kenya iliwataja kwa ajili yao. Iliwataja pamoja na hoja ya usalama, ya Al-Shabaab na maharamia, na mahakama ikaikataa hiyo nayo kwa kuwa hali ya usalama hubadilika na mpaka haubadiliki. Mvuvi aliingizwa katika orodha ya sababu kama mtu anavyoingiza ndimu katika mchuzi uliokwisha kuiva.

Mtumbe_Asilia

Mwanzisha uzi, umelizunguka la muhimu. Sisi watu wa Pemba swali letu si la Wasomali. Mbona sisi tumeridhia kile ambacho Wasomali walikikataa? Mpaka wa bahari baina ya Tanzania na Kenya, mashariki ya Mkondo wa Pemba, unakwenda kwa latitudo, vilevile Kenya ilivyotaka kwa Somalia. Yaani mmoja alikwenda mahakamani na kuikataa latitudo, akashinda. Sisi tukaikubali kwa barua. Nani alitia saini, na mtu wa Pemba aliulizwa?

MsomajiKonde

Hili nililiacha kwa makusudi, Ami, nikijua kwamba atatokea wa kulileta.

Ni kweli. Makubaliano yalifanywa kwa kubadilishana barua za tarehe 17 Disemba 1975 na 9 Julai 1976 baina ya serikali hizo mbili. Katika Mkondo, mpaka unapita kati ya pwani ya Kenya na Pemba kwa kugawana. Ukishatoka nje unashika latitudo ya kiasi cha digrii 4 na dakika 41 kusini na kuelekea mashariki. Mwezi Juni 2009 ukarefushwa zaidi kuingia katika ukanda wa kiuchumi, ule wa hadi maili 200 kutoka pwani. Mtu akichukua ramani na bikari, akapima umbali sawa kutoka Ras Kigomasha na kutoka pwani ya Mombasa na Malindi, ataona kwamba mstari huo ungepita kaskazini ya ule wa barua kwa sehemu kubwa ya safari yake. Kwa hivyo Tanzania iliachia bahari ambayo Pemba ingeidai. Sitalificha hilo.

Lakini nami nina la kusema upande wa pili. Mwaka 1976 sheria ya bahari tunayoijua leo haikuwa imekamilika; mkataba wa Montego Bay ulitiwa saini mwaka 1982. Maili 200 zilikuwa bado zinabishaniwa mikutanoni. Mtu alipotoa mstari wa latitudo wakati ule hakuwa anaona visima vya gesi, alikuwa anaona jirani ambaye ni heri asigombane naye. Isitoshe, kama tungekwenda mahakamani leo, mahakama ingetuambia lilelile ililoiambia Somalia: kwamba Kenya ni nyumba ya kati na uwanja wake unabanwa, na kwamba kinachoubana ni Pemba. Tungepata zaidi ya tulichonacho, naamini, lakini tusingepata chote.

Hayo ya kuulizwa, hapana, hatukuulizwa. Hata yale ya 1890, Waingereza na Wajerumani walipokaa wakabadilishana kisiwa cha Heligoland kwa Unguja, hatukuulizwa. Na mkataba huohuo ndio Malawi wanaotushikia mpaka leo katika Ziwa Nyasa, wakisema ufukwe wa mashariki ndio mpaka, nasi tukisema ni katikati ya maji. Ukiona Tanzania inadai katikati ya maji kule na kuachia katikati ya maji huku, unaweza kucheka, lakini mataifa yote hufanya hivyo.

KijanaWaVuga

Kwa hivyo barua ni mbaya na mahakama ni nzuri. Nimeelewa hivyo?

BintiWete

Hapana, kaka, na naomba niingie hapa kwa kuwa hizo barua za 1976 nimezisoma kwa ajili ya masomo yangu ya sheria, na kuna kifungu ambacho hakuna aliyekitaja.

Mbali na mstari wenyewe, makubaliano yana sehemu ya uvuvi. Inasema kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wanaovua kwa ajili ya kujikimu, waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za bahari kila upande wa mpaka wa bahari ya kitaifa, kwa kufuata taratibu zilizopo. Na inasema leseni, kanuni na desturi za uvuvi za nchi moja, zinazowahusu wavuvi hao, zitambuliwe na nchi nyingine.

Sasa linganisheni na hukumu ya 2021. Hukumu ile imeeleza mstari kwa nukta na pembe, na mtu wa vipimo hawezi kuipata na kosa. Lakini mahakama hujibu ilichoulizwa. Iliulizwa mpaka uko wapi, ikasema mpaka uko hapa. Haikuulizwa Mbajuni wa Kiunga atavua wapi, na hata kama ingeulizwa isingekuwa na uwezo wa kuwaandikia majirani namna ya kuishi. Waliokaa mezani mwaka 1976 waliachia bahari, kama alivyosema Ami, lakini walimkumbuka mtu wa ngalawa. Waliokwenda The Hague wamepata haki ya vipimo, na mtu wa ngalawa hana sentensi yake.

Mimi simtetei aliyeachia bahari yetu. Ninasema tu kwamba katika barua zile kilichokuwa na manufaa kwetu ni kile kidogo ambacho hatujawahi kukidai.

MbajuniWaFaza

Dada, umenigusa. Somalia sasa imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilikabidhi hati zake Machi 2024. Wote watatu, Somalia, Kenya na Tanzania, tuna meza moja Arusha. Kifungu cha namna hiyo kinaweza kuandikwa bila ya kuugusa mstari hata shibri moja.

Nahodha_Mstaafu

Wanangu, mimi nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, na haya naandikiwa.

Nimekwenda dago, yaani kambi za uvuvi za ugenini, tangu nikiwa kijana. Kaskazi ikipiga tulikuwa tunatoka Msuka na Tumbe, tunalala Shimoni, Wasini, Vanga, wengine wakifika Malindi na Lamu, na miaka ya nyuma wapo waliofika Kismayu. Hatukuwa na ramani. Tulikuwa na maji na nyota, na jamaa wa kutupokea. Wapo wa ukoo wetu waliobaki huko miaka mingi bila ya kitambulisho cha Kenya wala cha Tanzania, mpaka mwaka 2023 serikali ya huko ilipowatambua Wapemba kuwa ni miongoni mwa jamii zake.

Siku moja doria ilitukamata. Wa nchi gani sisemi. Walisema tumevuka mpaka, nasi tukasema tunafuata nguru, na nguru hana mpaka. Walikaa na mashine yetu siku tisa, na jarife, wavu wetu, halikurudi hadi leo. Hakuna aliyetaja maili 12. Sisi hatukuzijua na wao, kwa nilivyowaona, hawakuzijua.

Sasa ninamuuliza binti wa Wete, kwa kuwa amesoma. Hayo maneno, kuvua kwa ajili ya kujikimu, maana yake ni nini? Mimi nikivua nguru wawili nikala mmoja na kumuuza mmoja ili ninunue mchele, nimejikimu au nimefanya biashara?

BintiWete

Shikamoo, babu. Swali hilo ndilo litakaloulizwa siku ya kwanza, na barua zenyewe hazikutoa tafsiri ya neno. Kwa rai yangu, mwenye ngalawa au mashua ndogo anayeuza ziada yake mnadani hawezi kulinganishwa na meli ya jodari yenye leseni ya bahari kuu inayotolewa Fumba. Aliyeandika "wavuvi wenyeji" alikuwa na mtu kama wewe akilini mwake. Lakini wakili wa upande wa pili ataweza kusema kwamba mashine ya kuendeshea na barafu ni dalili za biashara. Boti za faiba zinazokaa baharini siku nne na masanduku ya barafu zitapata tabu zaidi kujitetea kwa kifungu hiki.

Tena tufahamiane juu ya jambo moja: ruhusa ni "kwa kufuata taratibu zilizopo". Nyavu zilizopigwa marufuku huku hazihalaliki huko, na maeneo ya hifadhi, kama ile ya Kisite, yana sheria zake. Na maili hizo 12 zinahesabiwa kutoka kwenye mstari. Kismayu haimo, wala Lamu, wala hata Malindi. Kwa Vanga, Shimoni na Wasini, ndiyo.

Mtumbe_Asilia

Basi jarife la nahodha lilichukuliwa ndani ya maili hizo.

Nahodha_Mstaafu

Lilichukuliwa tukiiona Wasini kwa macho.

Binti, chapisha karatasi hiyo, ya Kiingereza na tafsiri yako ya Kiswahili, uipige muhuri wowote utakaoupata. Niletee Tumbe sokoni asubuhi, kabla ya mnada kuanza, maana kaskazi inakaribia na vijana wanne wa kwetu wanatia lami mashua yao hivi sasa.